Mtoto alikunywa jiki kwenye chupa ya maji: tulikosea wapi?

SWALI: Daktari, naomba msaada wako. Mwanangu wa kiume ana mwaka 1 na miezi 10. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nafua uani, nikahifadhi jiki iliyobaki, ambayo nilikwisha kuichanganya na maji, kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita. Nilipogeuka nilimkuta ameishika chupa, analia na kutokwa na mate. Mama mkwe wangu alimnywesha kikombe kizima cha maziwa, kisha akamtia kidole kooni ili atapike. Jirani naye akaleta yai bichi na mafuta ya kula. Alitapika mara tatu. Asubuhi tulimpeleka zahanati tukaambiwa hana neno. Sasa anacheza na anakula vizuri, lakini mimi silali. Je, anaweza kuwa na madhara yaliyojificha ndani? Tulikosea wapi? Na kama yangekuwa mafuta ya taa, ambayo pia tunayo nyumbani, tungefanya vivyo hivyo?

JIBU: Mama, nianze na hilo linalokunyima usingizi. Kutokana na maelezo yako, uwezekano mkubwa ni kwamba mwanao hana dhara lolote lililojificha, na sisemi hivyo kwa kukuliwaza tu. Jiki ya dukani ni maji yenye kemikali ya kung'arisha nguo iitwayo sodiamu haipokloraiti, ya asilimia 3 hadi 6 hivi, na hiyo yako ilikuwa imekwisha kuongezwa maji. Funda moja la mtoto wa umri huo ni kama mililita 5, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na kwa kuwa jiki ina harufu kali na huchoma ulimi mara inapougusa, watoto wengi huitema au huacha baada ya funda la kwanza. Kiasi hicho, kwa ukali huo, huwasha midomo, ulimi na koo, huleta mate mengi, kichefuchefu na kutapika mara moja au mbili, kisha mambo hutulia ndani ya saa chache. Mtoto ambaye baada ya siku 21 anakula chakula cha kawaida bila kukwama na bila kulia anapomeza ametupa ushahidi mzuri kuliko kipimo chochote ambacho ningeweza kumwandikia leo.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo ningependa ulihakikishe, nalo ni mahali jiki hiyo ilikonunuliwa. Ikiwa ilitoka katika chupa iliyofungwa kiwandani na yenye maandishi, maneno yangu ya hapo juu yanasimama. Ikiwa ulipimiwa na mchuuzi kutoka kwenye dumu lisilo na maandishi, hatujui ukali wake, kwa sababu kemikali ya aina hiyo inayotumika viwandani na katika kutibu maji huweza kuwa na ukali wa asilimia 10 na zaidi, na ukali huo hauwashi tu, bali unababua. Kitu kikali kinachobabua umio, yaani njia ya chakula kati ya koo na tumbo, huacha jeraha ambalo linapopona hujikunja na kuwa kovu, na kovu hilo huibana njia. Dalili zake hazionekani siku ya kwanza. Kwa kawaida hujitokeza kati ya wiki ya tatu na ya nane, na pengine baadaye zaidi, ndiyo maana ninakuomba uendelee kumwangalia mwanao kwa miezi miwili mingine. Akianza kukataa vyakula vizito kama ugali na nyama huku akikubali uji na maziwa, akipaliwa mara kwa mara, akirudisha chakula ambacho hakijasagika, au uzito wake ukisimama kwenye kadi ya kliniki, mpeleke hospitali yenye daktari wa watoto na umweleze habari ya jiki tangu mwanzo, kwa maana asipoambiwa atatafuta sababu nyingine kwanza.

Sasa tuje kwenye makosa, na ninaomba mama mkwe wako asiyapokee kama lawama, kwa sababu alifanya kwa upendo kile ambacho vizazi vingi vilifundishwa, na ambacho hata sisi wa hospitali tuliwahi kukifundisha. Kwa miaka mingi madaktari katika nchi kadhaa waliwashauri wazazi waweke nyumbani dawa ya maji ya kutapisha iitwayo ipekaki, wampe mtoto aliyemeza sumu. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitangaza kwamba dawa hiyo isitumike tena nyumbani kama jambo la kawaida, kwa kuwa haikuonekana kuwanufaisha watoto, na kutapisha kwenyewe kulikuwa na hatari zake. Kama waliosomea kazi hii walikawia kiasi hicho kuligeuza shauri lao, bibi wa mtoto hana la kuonea haya.

Kosa kubwa lilikuwa kidole kooni. Fikiria njia ambayo jiki ilipita: midomo, ulimi, koo, umio, tumbo. Sehemu laini zote hizo ziliguswa mara moja wakati wa kumeza. Unapomtapisha mtoto unazipitishia kemikali hiyo mara ya pili, na mara hii inarudi kwa nguvu, imechanganyika na tindikali ya tumbo, huku mtoto akilia na kuvuta pumzi kwa kwikwi, hivyo sehemu yake inaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Kinachoingia tumboni mwili una namna ya kukihimili, kwa maana tumbo lenyewe limeumbwa kukaa na tindikali. Mapafu hayana kinga ya namna hiyo. Isitoshe, kidole cha mtu mzima katika koo la mtoto wa miezi 22 huchubua, na katika purukushani hiyo mtoto anaweza kukosa pumzi kabisa.

Kosa la pili ni wingi wa maziwa. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba maziwa huua sumu, na ningependa jambo hili lieleweke vizuri kwa sababu lina chembe ya ukweli iliyopanuliwa kupita kiasi. Kwa kitu kinachowasha au kubabua, kama jiki au sabuni, vijiko vichache vya maji au maziwa husaidia kuosha mdomo na koo na kupunguza ukali wa kilichobaki pale. Maji yanafanya kazi hiyo sawa na maziwa. Lakini kikombe kizima kilichomiminwa haraka hulijaza tumbo la mtoto mdogo, na tumbo lililojaa hutapika, kwa hiyo ile mara tatu aliyotapika mwanao huenda ilitokana zaidi na maziwa, yai, mafuta na kidole kuliko jiki yenyewe. Yai bichi halina kazi yoyote hapa na linaweza kumletea mtoto maradhi ya kuhara. Mafuta ya kula, mtoto akiyatapika yakapenya mapafuni, huleta ugonjwa wa mapafu usiopona upesi. Wengine hutoa maji ya chumvi, nanyi mlifanya vyema kutoyatumia, kwa sababu chumvi nyingi huingia katika damu ya mtoto na kuudhuru ubongo, na watoto wamekufa kwa maji hayo hali kile walichomeza kisingewaua. Ndimu, siki au magadi kwa nia ya kuipoza kemikali nayo hayafai, kwa kuwa kemikali mbili zinapokutana ndani ya mwili zinaweza kutoa joto na gesi na kuongeza jeraha.

Kosa la tatu ni kungoja asubuhi. Safari hii halikuleta madhara, lakini mtoto mdogo aliyekunywa kemikali kutoka kwenye chupa isiyo na maandishi anastahili kuonwa saa hiyohiyo, hata kama ni kwa mhudumu aliye zamu usiku.

Mlichopaswa kufanya ni kidogo kuliko mlichofanya. Kwanza ungeiondoa chupa mkononi mwake na kumtazama: yu macho, analia kwa sauti yake ya kawaida, anapumua bila taabu? Kisha ungempangusa midomo na ulimi kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji, bila kukisukuma kooni, na kama jiki imemwagikia nguo ungezivua na kuisuuza ngozi kwa maji mengi. Jicho likiguswa, huo ndio uwe wasiwasi wa kwanza. Limiminie maji safi ya vuguvugu au ya kawaida kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatiza, hata akipiga kelele, kwa sababu kemikali za aina hii huendelea kulichoma jicho kwa muda zinaokaa humo. Baada ya hapo, ikiwa anameza vizuri, ungempa maji kwa vijiko, jumla isizidi nusu ya kikombe kidogo cha chai, na akikataa usingemlazimisha. Kisha ungetulia naye, ukamtazama, na ukaanza safari ya kituo cha afya na ile chupa mkononi. Ningefurahi kama jirani zako wangejifunza hilo la mwisho, maana nyumba inapojaa watu ambao kila mmoja ana dawa yake, mtoto hutibiwa mara tano kabla ya kufika kwa daktari.

Zipo dalili ambazo zikionekana si suala la kutazama tena, bali ni la kukimbia hospitali kwa chombo chochote kilicho karibu: mate yanayotiririka kwa sababu mtoto hawezi au hataki kumeza, sauti iliyokwaruza ghafla au mlio wa kukoroma anapovuta pumzi, kutapika kusikokoma au kwenye damu, maumivu ya kifua au tumbo yanayomkunja, kulegea na kusinzia kusiko kwa kawaida, na degedege. Aliyelegea au kupoteza fahamu asipewe kitu mdomoni, hata maji. Alazwe kwa ubavu ili kinachotoka kitoke nje, na mtu mmoja aendelee kuangalia kifua chake kinavyopanda na kushuka.

Ulipouliza kama mafuta ya taa yangetibiwa vivyo hivyo, umegusa jambo ambalo ninataka ulisome polepole, kwa sababu jibu ni hapana, na tofauti yake inaokoa maisha. Jiki huumiza pale inapogusa. Mafuta ya taa hayaliumizi sana tumbo, na kiasi kidogo tu huingia katika damu. Hatari yake iko mapafuni. Ni mepesi kuliko maji na hutambaa upesi juu ya kila kitu yanachokigusa, kama unavyoona tone moja linavyotanda juu ya maji kwenye beseni, na hivyo ndivyo yanavyotanda ndani ya mapafu, yakiharibu utando mwembamba unaovizuia vifuko vya hewa visijikunje. Chini ya mililita 1, yaani matone machache, yakipotea njia na kuingia mapafuni yanatosha kumfanya mtoto augue vibaya. Sasa ona mambo yanavyogeuka: mtoto aliyekunywa funda moja na mafuta yakatulia tumboni huenda akapita salama, ilhali huyohuyo akitapishwa, au akinyweshwa maziwa mengi hadi akatapika mwenyewe, mafuta yanapata nafasi nyingine ya kupita karibu na mlango wa mapafu. Kwa hiyo kwa mafuta ya taa, petroli, dizeli, tina ya rangi na tapentaini, usimtapishe, usimpe maziwa, usimpe mafuta mengine, na usimlazimishe kunywa chochote. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji kwa kuwa mafuta hayo huichoma ngozi yakikaa, na wakati unafanya hivyo awe mbali na jiko, kibatari na sigara. Mkalishe au mbebe akiwa wima, kisha nenda hospitali.

Muulize aliyekuwepo swali moja tu: je, mtoto alikohoa au kupaliwa wakati anakunywa? Kikohozi cha wakati uleule ni dalili kwamba mafuta yamegusa njia ya hewa, na mtoto huyo asirudishwe nyumbani hata kama dakika kumi baadaye anacheza. Dalili za mapafu mara nyingi huanza ndani ya nusu saa ya kwanza, lakini zinaweza kukawia kwa saa kadhaa na kuendelea kuzidi katika siku mbili zinazofuata, ndiyo maana hospitalini hutazamwa kwa muda wa saa 6 hivi hata yule ambaye haonekani kuugua. Picha ya eksirei ikipigwa mapema mno inaweza kuwa safi na kuwadanganya wazazi na hata mganga. Matibabu yenyewe ni oksijeni na uangalizi. Hakuna dawa inayoyatoa mafuta mapafuni, na antibiotiki hazihitajiki kwa kila mtoto, ila kwa yule ambaye maambukizi yamemwingia kweli. Harufu ya mafuta mdomoni, ambayo huwatisha sana wazazi, haitupimii ukubwa wa hatari. Kinachotupimia ni pumzi.

Ninakuomba ujifunze kuhesabu pumzi, kwa kuwa ni kipimo kisichohitaji umeme wala fedha. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue tumbo, tazama saa ya simu yako, na uhesabu mara ngapi tumbo linapanda katika dakika 1 kamili, usihesabu nusu dakika ukazidisha. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kuanzia mwaka 1 hadi miaka 5 anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika anahema haraka, na kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12 kikomo ni 50. Ukiona pia sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au pua zinatanuka, au midomo inageuka rangi, huyo anahitaji oksijeni, si ushauri.

Kuhusu vitu vingine vya nyumbani, sabuni ya unga, ya kipande na ya maji ya kuoshea vyombo ndizo ninazoulizwa zaidi, na kwa kawaida ndizo zenye madhara madogo zaidi. Mtoto hutoa povu, hutapika mara moja au mbili, huharisha kidogo, basi. Mpanguse mdomo na umpe maji kidogo tu, kwa sababu maji mengi huongeza povu na povu hilo likivutwa na pumzi ndilo linaloleta shida. Sabuni za maji zinazotengenezwa majumbani na kuuzwa katika chupa za soda zinanipa mashaka zaidi, si kwa ubaya wa watengenezaji, bali kwa kuwa hakuna anayeweza kuniambia ndani mna nini na kwa kiasi gani.

Magadi makali ya kutengenezea sabuni, yale yanayoitwa kostiki soda, ni kundi la mbali kabisa na hayo. Punje zake nyeupe zinafanana na chumvi au sukari, na punje chache huweza kuutoboa umio. Yamezwapo, hata kama mdomo unaonekana mzima, mtoto aende hospitali ya wilaya au ya rufaa siku hiyohiyo, kwa sababu mdomo usio na vidonda hautuhakikishii kwamba umio nao ni mzima. Dawa ya kusafishia choo yenye tindikali ichukuliwe kwa uzito huohuo. Ningetamani kila anayetengeneza sabuni nyumbani asikie hili kabla hajafungua mfuko wake wa kwanza.

Vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kuzuia wadudu wa nguo vina hila ya namna nyingine. Vikiwa vya nafthalini, mtoto anaweza kuonekana mzima leo, kisha kati ya siku ya kwanza na ya tatu chembe nyekundu za damu zikaanza kuvunjika, hasa kwa mwenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao si nadra katika maeneo yaliyoishi na malaria kwa karne nyingi, pwani yetu ikiwamo. Mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi, macho huwa ya manjano, viganja huwa vyeupe na mtoto huchoka. Hapa maziwa yanadhuru moja kwa moja, kwa sababu nafthalini huyeyuka katika mafuta na mafuta ya maziwa huisaidia kuingia mwilini, hivyo asipewe maziwa wala chakula chenye mafuta kwa saa za mwanzo. Karafumaiti ni hatari zaidi na kwa haraka zaidi, kwani inaweza kuleta degedege ndani ya dakika chache, na mtoto aliyeila hapaswi kungojwa nyumbani hata kidogo.

Chaki, wino wa kalamu, dawa ya meno kidogo, mshumaa, na zile punje za pakiti ndogo zinazowekwa ndani ya viatu vipya ili visipate unyevu, kwa kawaida havina sumu ya kumdhuru mtoto. Hatari yake ni kumpalia tu.

Ukifika hospitali, mhudumu atahitaji mambo manne: ni kitu gani, kiasi gani kilichopungua, saa ngapi, na uzito wa mtoto. Chupa yenyewe, hata tupu, ina thamani kuliko maelezo marefu, nawe usiinuse kwa kuileta puani ili kumthibitishia mtu. Kama huwezi kuibeba, piga picha maandishi yake kwa simu. Usianze kwa kutafuta karatasi yoyote ya ofisi ya serikali au ya polisi. Mambo hayo, yakihitajika, yanafuata baada ya mtoto kuonwa. Tena usishangae, wala usikasirike, ukiona hawamsafishi tumbo kwa mpira. Kwa mafuta ya taa na kwa vitu vinavyobabua, kusafisha tumbo kunaongeza hatari iliyokwishaelezwa, na mkaa maalumu wa dawa, ambao husaidia kwa baadhi ya vidonge na sumu nyingine, haushikamani na vitu hivi. Mkaa wa jikoni uliosagwa si dawa hiyo, na usimpe mtoto.

Yote niliyoandika yanamhusu aliyemeza kwa bahati mbaya. Mtu mzima au kijana aliyekunywa jiki, sabuni au kitu kingine kwa makusudi apelekwe hospitali mara moja hata akisema alikunywa kidogo, hata akisema amebadili nia, kwa sababu kiasi anachokitaja mara nyingi si chote, na anaweza kuwa amemeza na vitu vingine. Asiachwe peke yake, asisutwe, na asiulizwe sababu mbele ya watu. Anahitaji wa kumtibu mwili na wa kumsikiliza.

Nirudi uani kwako, kwa sababu hapo ndipo jambo lilipoanzia, nami sioni aibu kusema kwamba chupa ya maji ya kunywa ndiyo inayonisumbua kuliko jiki iliyokuwamo. Mtoto wa miezi 22 hasomi. Anajua umbo la chupa, anajua kwamba kitu cha umbo hilo hunywewa, na siku za joto akiwa na kiu hafikirii mara mbili. Mafuta ya taa katika chupa ya soda na jiki katika chupa ya maji vinamfundisha kosa kabla hajalifanya. Nchini Afrika Kusini, madaktari waliogawia familia vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua walieleza mwaka 1994 kwamba matukio ya watoto kunywa mafuta hayo yalipungua kwa karibu nusu, bila dawa mpya wala hospitali mpya. Huku kwetu Tanzania, Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, inazitambua kemikali za majumbani kuwa ni za kudhibitiwa, lakini mkono wa sheria haufiki kwenye kila uwanja wa nyuma wenye beseni la kufulia. Unaofika hapo ni wako.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, ichukue chupa ile kama bado ipo. Mimina jiki iliyobaki kwenye mfereji wa maji machafu huku ukiongeza maji mengi, usiimimine chooni ambako umetoka kutumia dawa yenye tindikali wala palipojaa mkojo, kwa kuwa hewa inayotoka katika mchanganyiko huo huchoma mapafu ya aliye karibu. Suuza chupa, itoboe chini kwa kisu ili mtu asije akaiokota na kuijaza maji, kisha uitupe. Jiki inayofuata ikae katika chupa yake yenye maandishi, na mafuta ya taa katika kidumu chake chenye kifuniko, vyote juu ya kabati au ndani ya stoo yenye kufuli. Kiasi ulichochanganya kwa ajili ya kufua kikizidi, kimwage siku hiyohiyo. Na mwanao, siku ya kliniki yake ijayo, apimwe uzito kama kawaida, nawe umwonyeshe muuguzi kadi na kumweleza kilichotokea.